Onyo la Cheti Lisizoeleke: Jinsi ya Kulinda Seva ya Tovuti na ya Barua Pepe

Katika ofisi nyingi zinazojiendeshea seva, iwe shule, zahanati, SACCOS au kampuni ndogo, tovuti huwa imeshawekewa alama ya kufuli lakini barua pepe imesahauliwa. Mfanyakazi mpya akiunganisha barua pepe ya ofisi kwenye simu yake, simu inamwonya kwamba cheti cha seva hakiaminiki. Anamuuliza mtu wa kompyuta, naye anamjibu kwa ufupi: “Bonyeza Kubali, hiyo ni seva yetu.” Anabonyeza, barua zinaingia, kazi inaendelea.

Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Mfanyakazi amefundishwa kwamba onyo la cheti ni usumbufu wa kuruka. Siku mtu mwenye nia mbaya atakapojiweka kati yake na seva, kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya stendi ya mabasi, simu itatoa onyo lile lile, naye atabonyeza vile vile. Nywila yake itasomwa, na mtu huyo ataingia kwenye barua za ofisi kana kwamba ni mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ya msimamizi wa seva ni kuhakikisha kwamba watumiaji wake hawaoni onyo la cheti katika siku ya kawaida, ili siku watakapoliona wasimame na kuuliza. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kufika hapo kwa gharama ndogo. Mfano tunaoufuata ni seva moja ya Linux, Debian au Ubuntu, yenye Nginx kwa tovuti, Postfix na Dovecot kwa barua pepe, na vyeti vya bure vya Let's Encrypt. Jina example.org limetengwa kimataifa kwa ajili ya mifano. Kila unapoliona, weka jina lako.

Cheti kinathibitisha nini

Kivinjari au simu inapozungumza na seva kwa njia salama, mambo mawili hufanyika. La kwanza ni kusimba mazungumzo, yaani kuyageuza kuwa fumbo ambalo anayesikiliza njiani hawezi kulisoma. La pili ni kuthibitisha kwamba aliye upande wa pili ndiye mwenye jina uliloandika. Watu hulitaja sana la kwanza na kulisahau la pili, ingawa la kwanza halina faida bila la pili: ukimnong'oneza siri mtu usiyemjua, usiri wa mnong'ono haukusaidii.

Cheti ndicho kinachobeba uthibitisho huo. Ndani yake mna jina la seva, ufunguo wake wa umma, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na saini ya mamlaka ya vyeti. Seva nayo ina ufunguo wa siri unaolingana na ule wa umma. Ufunguo huo hautoki kwenye seva. Seva huutumia tu kuonyesha kwamba cheti ni chake kweli. Simu na kompyuta huja zikiwa na orodha ya mamlaka zinazoaminika, na cheti kilichosainiwa na mojawapo hupita bila swali. Cheti ambacho seva imejisainia yenyewe hakipiti, kwa sababu ni sawa na mtu aliyejiandikia barua ya utambulisho badala ya kwenda kuipata kwa mtendaji wa mtaa.

Teknolojia hii ilianza katika kampuni ya Netscape miaka ya 1990 kwa jina la SSL. Mwaka 1999 ilipewa jina la TLS, ingawa watu wengi bado huiita SSL kwa mazoea. Matoleo ya kutumia leo ni TLS 1.2 ya mwaka 2008 na TLS 1.3 ya mwaka 2018. Matoleo ya 1.0 na 1.1 yalistaafishwa rasmi mwaka 2021, na yale yote yenye jina la SSL hayafai kabisa.

Zamani kisingizio kilikuwa bei, maana cheti kilinunuliwa kila mwaka kwa fedha za kigeni. Kisingizio hicho kiliondoka Desemba 2015, Let's Encrypt ilipofungua milango kwa umma. Inaendeshwa na taasisi isiyo ya kibiashara ya Marekani, Internet Security Research Group, na hutoa vyeti bure kwa njia ya kompyuta kuzungumza na kompyuta. Upande wa sheria nao umebadilika. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote zinamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde kwa hatua za kiufundi zinazofaa. Seva inayopokea nywila za wafanyakazi au taarifa za wagonjwa bila kusimba haina utetezi.

Kabla ya kuandika amri yoyote

Maombi mengi ya cheti hukwama kwenye maandalizi. Kagua mambo manne.

Kwanza, majina. Andika orodha ya kila jina ambalo watu hutumia kuifikia seva: example.org, www.example.org, mail.example.org na mengineyo. Cheti hulinda majina yaliyoandikwa ndani yake tu. Ikiwa wafanyakazi wamewekewa imap.example.org kwenye simu zao ilhali cheti kina mail.example.org, onyo litatokea hata kama mashine ni ile ile. Ni vyema kuamua jina moja la barua pepe na kulitumia kila mahali.

Pili, DNS. Kila jina lielekee kwenye anwani sahihi ya seva. Angalia rekodi ya A, kisha angalia rekodi ya AAAA, yaani ile ya IPv6. Wengi hukwamia hapa: kampuni ya kukodisha seva iliweka rekodi ya AAAA zamani, seva ikahamishwa, rekodi ikabaki. Let's Encrypt hujaribu IPv6 kwanza ikiikuta, kwa hiyo ombi hugonga mlango wa mashine nyingine na kukataliwa.

Tatu, fayawoli. Fungua poti 80 na 443 kwa tovuti; 25, 465, 587 na 993 kwa barua pepe. Usifunge poti 80 kwa kudhani kwamba tovuti salama haiihitaji, kwa sababu uhakiki wa kawaida wa Let's Encrypt hupitia hapo. Usijaribu pia kuruhusu nchi moja au anwani chache tu, kwani wahakiki huja kutoka sehemu mbalimbali za dunia kwa wakati mmoja, na orodha ya anwani zao haitangazwi.

Nne, saa ya seva. Cheti kina tarehe, na seva iliyopotea kwenye muda hutoa makosa yasiyoeleweka. Amri ya timedatectl itakuonyesha kama saa inajisahihisha kupitia mtandao.

Tovuti: kupata cheti na kukiweka

Programu inayozungumza na Let's Encrypt kwa niaba yako inaitwa Certbot. Isakinishe, kisha omba cheti:

sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx -d example.org -d www.example.org

Certbot hutengeneza ufunguo wa siri, hutuma ombi, huweka faili dogo ambalo wahakiki wanalisoma kupitia poti 80 ili wajue kwamba jina hilo kweli liko mikononi mwako, hupokea cheti, kisha hurekebisha mipangilio ya Nginx. Kama unataka kujifunza au unahofia makosa, ongeza --dry-run pamoja na neno certonly kwenye jaribio la kwanza. Let's Encrypt ina vikomo: anayeshindwa uhakiki mara tano ndani ya saa moja kwa jina moja husubirishwa, na seti ile ile ya majina haipewi zaidi ya vyeti vitano kwa wiki. Anayerudia amri kwa hasira anaweza kujifungia nje kwa muda.

Baada ya hapo utakuta faili nne ndani ya folda ya /etc/letsencrypt/live/example.org. Faili la privkey.pem ni ufunguo wa siri. Cert.pem ni cheti chako peke yake. Chain.pem ni cheti cha kati, kile kinachounganisha cheti chako na mamlaka iliyomo kwenye simu za watu. Fullchain.pem ni hivyo viwili vya mwisho kwa pamoja, na ndilo faili la kuipa seva. Sehemu ya Nginx iwe hivi:

server {
    listen 443 ssl;
    server_name example.org www.example.org;
    ssl_certificate /etc/letsencrypt/live/example.org/fullchain.pem;
    ssl_certificate_key /etc/letsencrypt/live/example.org/privkey.pem;
    ssl_protocols TLSv1.2 TLSv1.3;
}

Kutumia cert.pem badala ya fullchain.pem ni kosa la hatari kwa sababu hujificha. Kivinjari cha kompyuta mara nyingi hukijua cheti cha kati tayari au hukitafuta chenyewe, kwa hiyo msimamizi anafungua tovuti, anaona iko sawa, anaondoka. Kumbe programu za simu na seva nyingine zinazowasiliana na yako haziwezi kuunganisha mnyororo, nazo zinakataa. Ukisikia “kwangu inafungua, kwa wateja haifungui”, anza kukagua hapo.

Ukimaliza, elekeza wageni wote wa poti 80 waende 443. Tovuti ikishatulia kwa wiki kadhaa, ongeza kichwa cha HSTS, kinachokiambia kivinjari kisikubali tena kuifungua tovuti hiyo kwa njia isiyo salama. Anza na muda mfupi, tuseme siku moja, ndipo upandishe hadi mwaka, maana kivinjari kikishaambiwa hakisahau mpaka muda huo uishe. Kosa la cheti kwenye tovuti yenye HSTS halina kitufe cha “Endelea”, na hilo ndilo tunalolitaka mara tu tunapoweza kujiamini.

Kuhuisha: hapa ndipo kazi huharibikia

Cheti cha Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90. Vyeti vya kununua navyo vinafupishwa: kwa makubaliano ya mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari, muda wa juu wa cheti cha umma ni siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Maana yake ni kwamba enzi ya kuweka cheti kwa mkono mara moja kwa mwaka inakwisha kwa kila mtu. Mpangilio usiojihuisha wenyewe ni mpangilio ambao haujakamilika.

Kwenye Debian na Ubuntu, Certbot huja na ratiba inayoamka mara mbili kwa siku na kuhuisha vyeti vilivyobakiwa na takriban siku 30. Hakikisha ratiba hiyo ipo, kisha jaribu uhuishaji bila kubadilisha chochote:

systemctl list-timers | grep certbot
sudo certbot renew --dry-run

Lakini faili jipya kwenye diski halitoshi. Programu inayoendesha huduma husoma cheti inapowashwa au inapoamriwa kupakia upya mipangilio. Bila amri hiyo, Dovecot inaweza kuendelea kutoa cheti kilichokwisha muda ilhali kipya kimekaa kwenye folda wiki nne. Tengeneza faili /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/pakia-upya.sh lenye maneno haya, kisha lipe ruhusa ya kutekelezwa kwa chmod +x:

#!/bin/sh
systemctl reload nginx
systemctl reload postfix
systemctl reload dovecot

Certbot italiita kila cheti kinapohuishwa kwa mafanikio. Kwa kawaida jaribio la --dry-run haliliiti, kwa hiyo liendeshe mwenyewe mara moja kwa mkono uone kama linafanya kazi.

Mwisho, weka mlinzi wa tarehe. Let's Encrypt ilikuwa ikituma barua za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kwisha, lakini iliacha mwezi Juni 2025. Sasa hakuna atakayekukumbusha. Amri ifuatayo huiuliza huduma yenyewe, jinsi mtumiaji angeiuliza, kama cheti inachokitoa kitakuwa kimekwisha ndani ya siku 14:

echo | openssl s_client -connect mail.example.org:993 -servername mail.example.org 2>/dev/null | openssl x509 -noout -checkend 1209600

Iweke kwenye cron, ikiwezekana kwenye mashine nyingine, na ipangie kukutumia ujumbe jibu likiwa baya. Kuiuliza huduma ni bora kuliko kukagua faili, kwa sababu watumiaji hawalioni faili, wanaiona huduma.

Barua pepe: milango mingi, kanuni tofauti

Seva ya barua pepe ina kazi mbili ambazo lazima zitenganishwe akilini. Moja ni kuwahudumia watumiaji wako, wanaoingia kwa jina na nywila kusoma na kutuma barua. Nyingine ni kupokea barua kutoka kwa seva za dunia nzima zisizo na nywila kwako. Kwa kazi ya kwanza usimbaji ni lazima. Kwa ya pili ni wa kukaribisha, na tutaona sababu.

Anza na cheti. Kama Nginx iko kwenye mashine hiyo hiyo, mwekee mail.example.org sehemu yake ndogo ya server kisha uombe:

sudo certbot certonly --nginx -d mail.example.org

Kama mashine ni ya barua pepe pekee na haina tovuti, tumia --standalone badala ya --nginx. Certbot itajifungulia poti 80 kwa muda mfupi wa uhakiki. Kisha ipe Postfix ufunguo na mnyororo, ufunguo ukitangulia:

sudo postconf -e 'smtpd_tls_chain_files = /etc/letsencrypt/live/mail.example.org/privkey.pem, /etc/letsencrypt/live/mail.example.org/fullchain.pem'
sudo postconf -e 'smtpd_tls_security_level = may'
sudo postconf -e 'smtp_tls_security_level = may'
sudo postconf -e 'smtpd_tls_auth_only = yes'

Mstari wa kwanza unahitaji Postfix 3.4 au ya baadaye. Wa pili unahusu barua zinazoingia, wa tatu zinazotoka. Neno may lina maana kwamba upande mwingine ukiweza kusimba, tutasimba. Usipoweza, barua itapita hivyo hivyo. Usishawishike kuliandika encrypt kwa poti 25. Kanuni za SMTP zinakataza seva ya umma kudai usimbaji hapo, na ukiudai utapoteza barua kutoka kwa seva za zamani bila kujua ulichopoteza. Mstari wa nne ndio unaozuia mtu yeyote kutuma nywila kabla ya mazungumzo kusimbwa.

Watumiaji wako hawapaswi kutuma barua kupitia poti 25 hata kidogo. Wana poti 587, ambayo huanza wazi kisha hupanda kwenye TLS kwa amri ya STARTTLS, na poti 465, ambayo imesimbwa tangu salamu ya kwanza. Tangu mwaka 2018 mwongozo wa kimataifa wa RFC 8314 unapendekeza njia ya pili, kwa sababu haina dakika ya uwazi ambamo mtu aliye njiani anaweza kulifuta tangazo la STARTTLS na kuifanya simu idhani seva haijui kusimba. Katika faili la master.cf, fungua sehemu ya submission na uipe smtpd_tls_security_level=encrypt; fungua pia ile ya submissions, ambayo matoleo ya zamani huiita smtps, na uipe smtpd_tls_wrappermode=yes. Zote mbili ziwe na smtpd_sasl_auth_enable=yes.

Dovecot ndiyo inayowapa watu barua zao. Angalia kwanza toleo lako kwa amri ya dovecot --version, kwa sababu majina ya mipangilio yalibadilika. Kwa toleo la 2.3:

ssl = required
ssl_cert = </etc/letsencrypt/live/mail.example.org/fullchain.pem
ssl_key = </etc/letsencrypt/live/mail.example.org/privkey.pem

Alama ya < mbele ya njia ya faili ni ya lazima. Kwa toleo la 2.4, lililomo ndani ya Debian 13, mistari miwili ya mwisho inakuwa ssl_server_cert_file na ssl_server_key_file, na alama hiyo haitumiki. Wape watumiaji IMAP kupitia poti 993. Kama hakuna anayetumia 143, 110 wala 995, zifunge kwenye fayawoli. Mlango usio na mtumiaji ni kazi ya ulinzi isiyo na faida.

Inabaki ile may ya poti 25. Kati ya seva na seva, mshambuliaji aliye njiani anaweza kulifuta tangazo la STARTTLS, na barua ikapita wazi bila yeyote kujua. Tiba moja ni MTA-STS ya mwaka 2018. Unaweka faili dogo kwenye https://mta-sts.example.org/.well-known/mta-sts.txt likitangaza kwamba seva yako halali ni mail.example.org na kwamba ina cheti sahihi, pamoja na rekodi ya TXT ya _mta-sts kwenye DNS. Seva za nje zinazofuata utaratibu huu hukataa kukukabidhi barua kwa njia isiyo salama. Anza na mode: testing, ongeza rekodi ya TLS-RPT ili upokee taarifa za makosa, na zikipita wiki kadhaa bila tatizo ndipo uandike mode: enforce. Usiruke hatua ya majaribio, kwa kuwa cheti kikiharibika wakati enforce iko kazini, barua za watu hazitafika.

Pima kama mgeni

Mipangilio iliyoandikwa vizuri haithibitishi kitu mpaka ipimwe kutoka nje ya seva. Kwa poti 465 na 993:

openssl s_client -connect mail.example.org:993 -servername mail.example.org -verify_hostname mail.example.org

Kwa poti 25 na 587:

openssl s_client -starttls smtp -connect mail.example.org:587 -servername mail.example.org -verify_hostname mail.example.org

Tafuta mstari unaosema Verify return code: 0 (ok). Namba nyingine zina maana zake. Ukiona 21, cheti cha kati hakipo: rudi kwenye fullchain.pem. Ukiona 10, muda umekwisha, au programu haijapakiwa upya. Ukiona 18, seva bado inatoa cheti cha kujisainia kilichokuja na usakinishaji. Ukiona 62, jina halilingani. Watoa huduma wengi wa intaneti hufunga poti 25 kwa wateja wa kawaida, kwa hiyo kuipima hiyo tumia seva nyingine. Kwa tovuti, kipimo cha bure cha Qualys SSL Labs hutoa ripoti ndefu. Kwa barua pepe na tovuti pia, programu ya testssl.sh hukagua kila mlango unaoutaja.

Halafu pima kwa vifaa ambavyo watu wako wanavyo kweli. Simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazikijui cheti cha mzizi cha Let's Encrypt, kiitwacho ISRG Root X1, na mpango wa muda uliokuwa ukizisaidia ulikwisha mwaka 2024. Simu yenye tarehe iliyokosewa nayo hulalamika hata cheti kikiwa kizima. Hilo huonekana sana kwenye simu iliyoishiwa chaji kwa muda mrefu. Mtumiaji akileta onyo, muulize kwanza tarehe ya simu na toleo lake, kisha kagua seva. Asiambiwe akubali kabla sababu haijajulikana.

Ufunguo wa siri na mipaka ya cheti

Cheti ni cha umma. Kila anayeunganisha hukipata. Siri yote imo kwenye privkey.pem. Faili hilo lisomwe na root peke yake. Lisitumwe kwa WhatsApp wala kwa barua pepe, lisiwekwe kwenye hifadhi ya programu, na likiingia kwenye nakala rudufu, nakala hiyo isimbwe. Ikiwa umeshuku kwamba limetoka, tuseme fundi aliyeondoka alikuwa na nakala au seva iliingiliwa, ziba kwanza alikopitia mwizi, pata cheti kipya chenye ufunguo mpya, kisha ufute cha zamani kwa certbot revoke. Mwezi Aprili 2014 kasoro ya Heartbleed kwenye OpenSSL iliwezesha funguo za siri kusomwa kutoka kwenye kumbukumbu ya seva, na wasimamizi duniani kote walilazimika kufanya hatua hizo zote. Waliosasisha programu na kubaki na ufunguo ule ule walikuwa wamefunga mlango ilhali nakala ya ufunguo iko nje.

Mamlaka za vyeti nazo zinaweza kuangushwa. Mwaka 2011 mamlaka ya Uholanzi, DigiNotar, iliingiliwa, vikatolewa vyeti bandia, kimojawapo kwa jina la Google, na kikatumika dhidi ya watumiaji walioko Iran. Kampuni ilifilisika mwaka huo huo. Funzo kwa msimamizi mdogo ni hatua mbili rahisi. Weka rekodi ya CAA kwenye DNS inayosema ni mamlaka gani pekee inaruhusiwa kukutolea cheti, mathalani 0 issue "letsencrypt.org". Na mara kwa mara tafuta jina lako kwenye crt.sh, daftari la umma linaloonyesha vyeti vilivyotolewa kwa kila jina. Ukiona usichokiomba, fuatilia mara moja. Kumbuka pia kwamba daftari hilo linasomwa na kila mtu, kwa hiyo usiipe seva jina linalofichua jambo la siri.

Cheti hakifanyi kila kitu. Hakisimbi barua zilizokwisha hifadhiwa kwenye diski. Hakizuii mtu kutuma barua akijifanya wewe. Hiyo ni kazi ya SPF, DKIM na DMARC. Wala hakisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, kwani matapeli nao hupata vyeti halali kwa majina yao ya utapeli. Waeleze watumiaji wako hivyo: kufuli linathibitisha jina, kwa hiyo walisome jina lenyewe herufi kwa herufi.

Siku ya kwanza ya kazi

Ikiwa seva yako leo ina cheti cha kujisainia, usisubiri mpango mkubwa. Anza na poti 993 na 465, mahali nywila za watu zinapita. Pata cheti, weka fullchain.pem, andika faili la kupakia upya, pima kwa openssl, weka mlinzi wa tarehe. Tovuti ifuate, kisha MTA-STS na CAA. Andika ulichofanya kwenye ukurasa mmoja na umwachie mwenzako nakala, ili likizo yako isigeuke siku ya cheti kuisha.

Kisha fanya jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote wa programu. Watumie wafanyakazi wote ujumbe mfupi: kuanzia leo, simu au kompyuta yako ikikuonya kuhusu cheti cha ofisi, usibonyeze Kubali, tupigie. Na wakipiga, pokea simu na ukague, hata kama ni mara ya tano wiki hiyo. Ukiwajibu kwa haraka kwamba wapite tu, umerudisha kila kitu ulichojenga mahali kilipoanzia.